Baridi ya Uyole haikukingi ukishuka Kyela: tuzungumzie SP za wajawazito

#1 Mkunga_Busokelo

Wanajukwaa, amani iwe kwenu. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni mkunga mstaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanyia kwenye zahanati na vituo vya afya vya Rungwe na Kyela. Kuna jambo linanikereketa na nimeona nilete hapa kwa sababu wengi wenu mko Mbeya mjini, Iringa, Njombe, huku kwenye baridi. Kila nikimgusia binti mjamzito wa Uyole au Isanga habari za vidonge vya SP (salfadoksini na pirimethamini), vya kumkinga mjamzito na malaria, jibu ni lile lile: "Mama, huku kwetu hakuna mbu." Mwezi haujaisha utasikia ameshuka Kyela kumsaidia mama yake kuvuna mpunga, au amepanda basi kwenda Ubaruku kufuata mchele na amelala huko siku mbili tatu.

Baridi inasaidia, silikatai hilo. Kimelea cha malaria kikiwa ndani ya mbu kinahitaji joto ili kikomae. Hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 16 hivi hakikomai, na mbu anakufa kabla hajaweza kuambukiza mtu. Ndiyo maana Makete, Njombe mjini, Mafinga na hapa Mbeya mjini penye mwinuko wa mita 1,700 malaria ni chache sana. Lakini ufukweni mwa Ziwa Nyasa ni kama mita 480 tu. Ukipita Tukuyu, ukaanza kuona michikichi na mikakao na ukavua sweta, ujue umeshaingia kwa mbu.

Na hapa ndipo watu wa baridi wanapokosea hesabu. Mtu aliyekulia Ipinda ameumwa malaria tangu utotoni, mwili wake umejifunza kupambana nayo kiasi. Wewe wa Uyole mwili wako haujui kitu. Mbu yule yule akiwauma wote wawili, wewe ndiye utakayelazwa.

Ujauzito unaongeza uzito wa jambo hili. Kondo la nyuma ni kiungo kipya mwilini, na vimelea vya malaria aina ya falsiparamu vina namna yao ya kujishikiza humo ndani na kutulia. Mama anaweza asiwe na homa hata kidogo. Kipimo cha damu ya kidoleni kinaweza kusema hana, kumbe kondo limejaa. Damu yake inapungua polepole, chakula cha mtoto hakipiti vizuri, na mtoto anazaliwa na uzito chini ya kilo 2.5, au anazaliwa kabla ya wakati, au mimba inaharibika, au mtoto anafia tumboni. Kwa wanawake wa bondeni mimba ya kwanza na ya pili ndizo zenye hatari kubwa, kwa sababu baada ya hapo mwili unakuwa umejenga kinga dhidi ya vimelea hivyo vya kwenye kondo. Kwa mama wa milimani hata mimba ya nne inaweza kuwa kama ya kwanza, kwa sababu hakuna siku mwili wake ulipofundishwa.

SP ni vidonge vitatu, unavimeza vyote kwa mara moja, pale pale kliniki, mbele ya muuguzi. Unaanza mimba ikishatimiza wiki 13, yaani ukiingia mwezi wa nne, halafu unarudia kila hudhurio, ilimradi tangu dozi iliyopita umepita mwezi mzima. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo huo mwaka 2012: angalau dozi tatu, na zaidi ya hapo ni bora, mpaka unapojifungua. Sisi wa zamani tulianza na dozi mbili tu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo msishangae mama zenu wakiwaambia "sisi tulimeza mara mbili."

Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wanawake waliopata dozi mbili au zaidi walikuwa asilimia 56, na waliofikisha tatu walikuwa 26 tu. Tafadhali zitazameni namba hizo. Hawa ni wanawake ambao karibu wote walifika kliniki angalau mara moja. Walifika, kadi zipo, lakini hawakumaliza kinga.

Nataka tuzungumze kwa nini. Karibuni, na mliokuwa na maswali ulizeni bila aibu.

#2 Baba_Tumaini

Mama shikamoo. Mimi ni dereva njia ya Mbeya–Kyela. Hili la wanawake wa mjini kushuka bondeni na mimba nalishuhudia kila msimu, hasa mwezi wa tano na wa sita mpunga ukiwa tayari. Wanarudi na magunia yao, baada ya wiki mbili unasikia mtu hoi. Na nyumbani wanasema ni baridi imemrudia vibaya.

#3 Mkunga_Busokelo

Marahaba mwanangu. Hizo wiki mbili ulizotaja ndizo zenyewe. Mtu akiumwa na mbu mwenye malaria leo, homa huanza baada ya siku 7 na kuendelea, wengi ni kati ya siku 10 na 14. Kwa hiyo aliyeambukizwa Kyela anaugulia Mbeya. Akifika hospitali asiposema kwamba alisafiri, wanaweza kumtibu kifua. Ewe mjamzito, ukiumwa, neno la kwanza kwa daktari liwe "nilishuka bondeni."

#4 Mnyalukolo_Halisi

Kamwene wote. Iringa hali ni hiyo hiyo, msidhani ni Mbeya peke yake. Iringa mjini na Kilolo juu kuna baridi, lakini shuka Pawaga au Idodi kwenye mashamba ya mpunga, au Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, uone. Mke wa kaka yangu anatoka Mafinga, aliolewa Pawaga akiwa na mimba changa. Malaria ilimpiga mpaka akaongezwa damu.

Ila nina swali la kweli. SP si ndiyo ile iliyoondolewa kwenye kutibu malaria kwa sababu haifanyi kazi? Nakumbuka tulikuwa tunameza Metakelfini, ikaja Fansida, halafu wakasema basi, ikaja dawa mseto. Sasa dawa iliyoshindwa kutibu inawezaje kukinga? Naona kama wajawazito wanamaliziwa akiba iliyobaki stoo.

#5 Ndaga_Fijo

Hata mimi nimejiuliza hilo la Mnyalukolo. Na huku Kyela akina mama watu wazima bado wanasimulia habari za watu waliobabuka ngozi kwa zile dawa. Binti akisikia hivyo, akipewa kliniki anaweka mdomoni, akitoka nje anatema kwenye majani. Nimeona kwa macho yangu.

#6 Mfamasia_Mafinga

Mnyalukolo, swali lako ni zuri na linastahili jibu lililokamilika. Ngoja nijaribu.

Klorokwini ilipochoka, mwaka 2001 SP ikawekwa kuwa dawa ya kwanza ya kutibu malaria isiyo kali. Usugu ukaongezeka haraka, na kuanzia mwishoni mwa 2006 nafasi yake ikachukuliwa na dawa mseto ya ALU. Hapo uko sahihi kabisa.

Lakini kumtibu mgonjwa na kumkinga mtu ambaye haumwi ni kazi mbili tofauti. Mgonjwa ana mabilioni ya vimelea kwenye damu, na anahitaji dawa inayoviua vyote kwa siku chache. Dawa ikiacha hata sehemu ndogo, vinaongezeka tena. Mama anayekuja kliniki akiwa mzima ana vimelea vichache au hana kabisa. SP inakaa mwilini kwa wiki kadhaa, inafagia vilivyopo na kuvibana vinavyoingia. Hata penye usugu wa kiasi, wanaomeza SP wamekuwa wakizaa watoto wenye uzito mzuri kuliko wasiomeza.

Na kuna jambo limewashangaza hata watafiti. Palifanyika utafiti mkubwa Kenya, Malawi na Tanzania, katika maeneo yenye usugu mkubwa wa SP (kwetu ilikuwa upande wa Tanga), matokeo yakatoka mwaka 2023. Waliilinganisha SP na dawa mpya yenye nguvu zaidi dhidi ya malaria. Dawa mpya ilizuia malaria vizuri zaidi, hilo halina ubishi. Lakini watoto wa akina mama waliomeza SP ndio hawakupungukiwa uzito, walikuwa wazito kidogo kuliko wale wengine. Inaelekea SP ina msaada mwingine kwa mjamzito nje ya malaria, huenda kwa sababu sehemu yake moja ni dawa ya jamii ya salfa inayopambana na bakteria pia. Ndiyo maana haijaondolewa. Si mabaki ya stoo, kaka.

Dada Ndaga Fijo, kubabuka ngozi kupo na ni kwa kweli, ila ni nadra sana. Hutokea kwa mtu ambaye mwili wake unakataa salfa. Kwa hiyo kabla ya kumeza sema kama umewahi kuvimba, kutoka malengelenge au kuwashwa vibaya baada ya kutumia septrini, Fansida au dawa yoyote ya salfa. Kama limewahi kukutokea, SP si yako, na muuguzi anapaswa kuandika hivyo kwenye kadi. Kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu wa siku moja ni vitu vya kawaida, na kwa wengi vinapungua dozi za mbele.

#7 Mnyalukolo_Halisi

Nimekuelewa mkuu. Kumbe kutibu na kukinga ni mizani mbili. Nitamsomea shemeji.

#8 Binti_Usangu

Shikamooni wakubwa. Mimi niko Ubaruku, mimba yangu ya kwanza, natimiza mwezi wa tano sasa. Sijaenda kliniki bado. Nilienda nikaambiwa nije na mwenzangu ndipo nifunguliwe kadi, na mwenzangu yuko Chunya kwenye dhahabu, hajarudi. Mama mkwe naye anasema mimba isitangazwe mapema watu wabaya wasije wakaiharibu. Naomba ushauri, maana nikisoma hapa moyo unaenda mbio.

#9 Baba_Tumaini

Dada yangu pole. Hili la "njoo na mumeo" linaumiza wengi. Sisi madereva, wachimbaji, wavuvi, tunapatikana lini asubuhi ya siku ya kazi?

#10 Mkunga_Busokelo

Binti yangu, marahaba. Tuliza moyo, hujachelewa kiasi cha kukosa. Sasa nisikilize vizuri.

Kumwalika mume kliniki ni jambo jema. Anapimwa pamoja nawe, anasikia dalili za hatari, anajua kuweka akiba ya usafiri. Lakini ni mwaliko. Haki ya kuhudumiwa ni ya kwako wewe, na mwanamke asirudishwe nyumbani eti kwa sababu yuko peke yake. Najua kwenye vituo vingine utaratibu umegeuzwa kuwa sharti, na wanawake wanaambiwa wakalete barua ya mwenyekiti wa kijiji. Hilo sharti limewachelewesha wanawake wengi kuliko umbali. Kesho nenda tena. Useme wazi: "Mume wangu yuko safarini, naomba nianze, akirudi nitamleta." Wakikataa, omba kuonana na mganga mfawidhi wa kituo, kwa adabu, ukiwa umekaa hapo hapo. Kama barua ya mwenyekiti inapatikana kwa siku moja, ichukue ili usipoteze wiki nyingine, lakini usikubali kurudi mikono mitupu.

Kuhusu mama mkwe, usigombane naye. Wazee wetu walikuwa na sababu zao, mimba changa nyingi zilikuwa zinaharibika na watu hawakujua kwa nini. Malaria ilikuwa mojawapo ya hayo yaliyokuwa yanaziharibu. Mwambie kliniki si kutangaza. Kadi unaifunga kwenye kanga, hakuna anayesomewa. Na ukiweza nenda naye yeye mwenyewe. Mama mkwe aliyekaa kwenye benchi la kliniki akasikiliza somo la asubuhi, huyo ndiye atakayekuamsha mwezi unaofuata.

Uko Ubaruku, katikati ya mpunga wa umwagiliaji, maji yametuama pande zote. Na ni mimba ya kwanza. Wewe ndiye hasa SP inakutafuta.

#11 Mwana_wa_Makete

Nauliza kwa nia njema. Makete kwetu hata chandarua watu wengi hawana, baridi inaua kila kitu. Je, mwanamke ambaye hatoki kabisa Makete, hashuki popote, naye ameze?

#12 Mfamasia_Mafinga

Mwana wa Makete, kama kweli hatoki, hatari yake ni ndogo sana. Kila mjamzito hupimwa malaria hudhurio la kwanza, awe na homa au asiwe nayo. Cha kufanya ni kufuata watakachomwambia kliniki ya hapo kwake, wanaijua hali ya eneo lao. Tatizo ninaloliona mimi kwenye duka ni kwamba "hatoki kabisa" huwa si kweli. Watu wa Makete wanafanya biashara na Mbeya, wanashuka Usangu, wana ndugu Ludewa kandokando ya ziwa. Siku hizi mtu analala Bulongwa leo, kesho yuko Matema kwenye msiba. Asiseme "hatoki" kwa mazoea, aseme kliniki anatarajia kwenda wapi miezi ijayo.

#13 Ndaga_Fijo

Msiba mmeutaja vizuri. Sisi Wanyakyusa msiba ni siku kadhaa, watu wanalala nje uwanjani. Mjamzito atakaa ndani peke yake? Hatakaa. Mbu wanamla usiku kucha.

#14 Mkunga_Busokelo

Ndiyo maana nasisitiza SP iende na chandarua. Mbu wa malaria anauma usiku. SP haimzuii mbu, inashughulika na kimelea kikishaingia. Hudhurio la kwanza mjamzito anapewa chandarua chenye dawa bila malipo, huo ndio mpango wa Chandarua Kliniki. Ukienda msibani beba chandarua chako, kinakunjika kama kanga.

#15 Dada_wa_Njombe

Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Naandika kwa jina la jukwaani kwa sababu jambo lenyewe ni zito kwangu.

Mimi naishi na VVU. Natumia ARV na nilikuwa napewa septrini kila siku. Nilipokuwa mjamzito, kliniki tuliitwa kwa mstari, ndoo ya maji na kikombe, kila mmoja anameza SP mbele ya wenzake. Mimi muuguzi akasoma kadi, akaniruka. Sikuelewa kwa nini, wala hakunieleza. Wenzangu wakanigeukia. Mmoja akauliza kwa sauti, "Mbona yeye hamezi?" Hudhurio lililofuata sikwenda. Nililolipoteza siku hiyo ni zaidi ya SP, nilikaa miezi miwili bila kupimwa chochote.

Naomba mnaohudumu mlisikie hili.

#16 Mkunga_Busokelo

Mwanangu, pole sana. Nimeisoma mara mbili.

Nieleze kitabibu kwanza ili wengine waelewe. Anayetumia septrini kila siku hapewi SP, kwa sababu zote mbili zina salfa. Zikikutana madhara yanaongezeka, na septrini yenyewe inamkinga na malaria pia. Kwa hiyo hakunyimwa kinga, anayo tayari. Asiyetumia septrini, hata kama anaishi na VVU, ni suala la kuzungumza na mhudumu wake.

Lakini kuzungumza huko kunatakiwa kufanyike chumbani mlango umefungwa. Mikoa yetu hii mitatu ndiyo inayoongoza nchini. Utafiti wa 2022-2023 ulikuta watu wazima wanaoishi na VVU ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya. Ina maana kwenye benchi lolote la kliniki huku kwetu hayuko mmoja peke yake. Mstari wa kumeza hadharani unaokwenda salama mkoa mwingine, hapa unaanika watu.

Na dawa yake haina gharama. Toa SP ndani ya chumba cha kupimia tumbo, mama mmoja mmoja, ndoo na vikombe viwe humo humo. Anayemeza anameza, asiyemeza hamezi, na walioko nje hawajui. Tulifanya hivyo kwenye kituo kimoja bondeni, na kazi haikuchelewa hata kidogo. Wahudumu mliomo humu, nawaomba mlifanyie kazi hili kwenye vituo vyenu hata kabla ya kuandikiwa na wilaya.

#17 Dada_wa_Njombe

Asante mama. Hilo la kuelezwa kwamba septrini nayo ilikuwa inanikinga, ndiyo kwanza nalisikia leo.

#18 Mhudumu_Jamii

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Mbarali. Nitasema mambo ninayokutana nayo mlangoni kwa watu.

La kwanza ni njaa. Mama anatoka nyumbani alfajiri bila kula, anafika kliniki, anaambiwa ameze vidonge vitatu. Anaogopa, anasema atameza nyumbani baada ya ugali. Anafika nyumbani anaviweka kwenye kikapu, anampa mtoto mwenye homa au vinakaa tu. Ukweli ni kwamba SP inamezwa hata bila chakula. Kama tumbo linakusumbua, beba kiazi kilichochemshwa au andazi, kula ukiwa kwenye foleni.

Jingine ni maji. Vituo vingine havina maji ya kunywa wala vikombe, na hapo muuguzi anakubali mama aondoke navyo. Nawaambia akina mama wangu wabebe chupa ya maji kutoka nyumbani. Tusingoje kamati ya zahanati.

Halafu wapo wanaopimwa, wakakutwa hawana malaria, wakaambiwa wameze SP, wakaona wamedanganywa. "Nimeambiwa sina, namezea nini?" Hapa napata tabu kweli kuwaeleza.

#19 Mfamasia_Mafinga

Hapo mwambie hivi: mtoto anachanjwa surua akiwa hana surua. Wanaelewa haraka. Halafu ongeza lile alilosema mama mkunga kule juu, kwamba vimelea vinaweza kujificha kwenye kondo na kwenye kipimo cha kidoleni visionekane.

Na kinyume chake pia kiwekwe wazi. Akipimwa akakutwa ana malaria, SP si tiba yake. Anapewa dawa mseto au nyingine kulingana na hali yake, anamaliza dozi ya siku tatu yote. Nimeshawahi kumwona mtu dukani anayetaka kununua SP ajitibu homa na mimba ya miezi saba. Homa ya mjamzito haitibiwi dukani. Kutapika mfululizo, kuchanganyikiwa, degedege, kupumua kwa shida, macho ya njano, kukosa nguvu kabisa, hiyo ni hospitali usiku huo huo.

La dukani jingine: foliki asidi. Vidonge vya kuongeza damu mnavyopewa kliniki, FEFO, vina foliki kidogo na havina mgogoro na SP. Lakini kuna foliki asidi ya miligramu 5 inayouzwa peke yake, watu wananunua wakidhani kubwa ndiyo bora. Hiyo inapunguza nguvu ya SP. Ukiwa unaitumia mwambie muuguzi. FEFO usiache.

#20 Mnyalukolo_Halisi

Swali kwa mfamasia. Kliniki ikisema SP zimeisha, nikanunue dukani nimpe mke nyumbani?

#21 Mfamasia_Mafinga

Mkuu, kwanza uliza zinakuja lini na kituo jirani kama wanazo, kliniki ya jirani haikatazwi kukuhudumia ukiwa na kadi. Nisingependa ununue umpe kimya kimya. Sababu yangu ni kadi. Ukimpa nyumbani haitaandikwa, wiki mbili baadaye kliniki watampa tena, na hapo mwezi haujaisha. Kama muuguzi mwenyewe amekuelekeza ununue, nunua duka lililosajiliwa, rudi nazo, amezee pale na tarehe iandikwe.

#22 Baba_Tumaini

Mimi nimeamua jambo. Abiria wangu wengi ni akina mama hawa hawa. Kuanzia wiki hii nikiona mjamzito anapanda stendi ya Nane Nane kwenda Kyela namuuliza, "Dada, umebeba chandarua? Umeshameza SP?" Wengine watanishangaa. Acha washangae.

#23 Ndaga_Fijo

Uliza kwa heshima tu kaka, na usiulize mbele ya basi zima. Umesoma ya dada wa Njombe.

#24 Baba_Tumaini

Umenena dada. Nitazungumzia chandarua tu, habari za dawa zibaki kliniki.

#25 Binti_Usangu

Wakubwa zangu, nimerudi. Nimekwenda na mama mkwe. Walisita kidogo, mama mkwe akasema "mimi ndiye niliyemzaa mumewe, mwandikeni," wakanifungulia kadi. Nimepimwa malaria sina, damu nimeambiwa iko chini kidogo, nimepewa FEFO, chandarua, na nimemeza vile vidonge vitatu hapo hapo. Kichwa kilinizunguka jioni, asubuhi nikaamka mzima.

Nauliza: mwezi ujao nakwenda kwetu Njombe, nitakaa kama wiki tano hivi. Nikipitisha siku za kliniki, naanza upya kuhesabu dozi? Na je, mwezi wa tisa bado nameza au inakuwa hatari kwa mtoto?

#26 Mkunga_Busokelo

Hongera mwanangu, na umpe mama mkwe salamu zangu nyingi. Amefanya kazi ya mkunga.

Huanzi upya. Dozi uliyomeza imehesabiwa. Ukipitisha mwezi, unameza inayofuata siku yoyote utakayofika kliniki, ilimradi mwezi umeshatimia tangu ya mwisho. Kinachokatazwa ni kubananisha, yaani kumeza mbili ndani ya mwezi mmoja ili kufidia. Mwezi wa tisa unameza kama kawaida, hata ikiwa umebakiza siku chache, haimdhuru mtoto. Kwa kuwa umeanza mwezi wa tano, ukihudhuria kila mwezi unaweza kufikisha dozi nne au tano.

Kwenda Njombe si sababu ya kuruka. Beba kadi, nenda kliniki yoyote iliyo karibu na kwenu, uwaambie unaishi Ubaruku kwenye mpunga na utarudi huko. Wakikuona uko kwenye baridi wanaweza kudhani huhitaji, kwa hiyo usingoje waulize. Damu yako nayo ipimwe tena huko huko, uliambiwa iko chini. Na kama mtaamua ujifungulie kwa mama yako, hakikisha tarehe ya kila dozi imeandikwa kwenye kadi kwa kalamu inayosomeka.